Radi ya druidi haiui? Anza na maji, kisha linda umakini

Swali: "Habari kaka. Niko Kirumba, Mwanza, nacheza gemu ya Baldur's Gate 3 kwenye laptop. Druidi wangu (mchawi wa nguvu za asili) yuko leveli 6, ni wa tawi la Circle of the Land, Wisdom 16, Constitution 14. Nilimsubiri sana afike leveli 5 nipate Call Lightning. Sasa nimeipata na naona kama nimejidanganya. Nikipiga, adui anapungua 8 au 9. Nikitaka kurudia, nafasi za uchawi zinaisha haraka, na mara nyingine naona tu radi imezimika yenyewe. Timu yangu ni Shadowheart (kuhani), Gale (mchawi) na Lae'zel (mpiganaji). Niachane na radi nirudi kwenye moto, au kuna kitu sikifanyi?"

Jibu:

Salama, mdogo wangu. Usiachane nayo. Kwa druidi wa leveli 5 na 6 ni vigumu kupata uchawi wa kushambulia unaolipa kuliko Call Lightning, ila unalipa kwa namna tofauti na moto wa Gale. Fireball ni pigo: unalirusha, limeisha. Call Lightning ni wingu. Unaliita mara moja, linakaa juu ya uwanja hadi zamu 10, na kila zamu unachukua radi moja kutoka humo bure. Kwa hiyo thamani yake haipimwi kwa pigo la kwanza. Inapimwa kwa idadi ya zamu ulizoweza kulishikilia, na kwa hali ya adui wakati radi inamshukia. Ulivyoeleza, unapoteza sehemu zote mbili, na pia kuna kitufe nadhani hukioni.

Nianze na hicho kitufe, maana ndicho kinachokumalizia nafasi. Ukiita Call Lightning kwa mara ya kwanza unatumia tendo lako la zamu hiyo na nafasi moja ya leveli 3 (uchawi una leveli zake, tofauti na leveli ya mhusika). Druidi wa leveli 6 anazo tatu tu, na kwa kawaida hazijai tena mpaka mlale kambini. Zamu inayofuata usiende tena kwenye orodha ya uchawi wa leveli 3 ukabonyeza ile ile. Angalia upau wa vitufe chini ya skrini: kimeongezeka kitufe kipya cha kuamsha Call Lightning, ambacho hakidai nafasi. Kinadai tendo lako la zamu peke yake. Ukibonyeza ule wa orodhani, mchezo unafunga wingu la zamani, unafungua jipya, na nafasi nyingine imeondoka. Vita vya mizunguko minne vinavyoweza kwisha kwa nafasi moja vinakula zote tatu.

Sasa hizo 8 na 9. Radi ya leveli 3 hurushwa kwa dadu 3 za pande 10, wastani wake 16.5. Adui anarusha dadu yake ya kujinusuru kwa Dexterity, yaani wepesi wake wa kukwepa. Akifaulu anapata nusu, na nusu ya 16.5 ni hiyo 8 unayoiona. Kwa hiyo radi yako haina kasoro; unaowapiga wanakwepa. Kiwango wanachotakiwa kufikia kinatokana na hesabu hii: 8, jumlisha bonasi yako ya ustadi ambayo leveli 6 ni 3, jumlisha kiongezo cha Wisdom, yaani hekima inayoendesha uchawi wako, ambacho kwa 16 ni 3. Jumla 14. Adui mwenye Dexterity 14 anaongeza 2 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo anahitaji kupata 12 au zaidi. Atashindwa mara 11 kati ya 20, yaani asilimia 55.

Ukichanganya kushindwa na kufaulu, kila radi yako kwa adui wa aina hiyo inaleta wastani wa madhara kama 12.8. Wengi wakiona hapo hukimbilia kupandisha Wisdom, wakidhani ndipo tatizo lilipo. Wisdom ni muhimu, na utaifikisha 18 baadaye, lakini tazama inachokupa: kiwango kinapanda kutoka 14 hadi 15, na wastani unapanda kutoka 12.8 hadi 13.2. Sehemu nne za kumi. Sasa weka adui huyo huyo, na Wisdom yako hiyo hiyo ya 16, ndani ya maji. Wastani unaruka hadi takriban 25.6.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Kiumbe aliyelowa, ambaye mchezo unamwekea alama ya Wet, anapata madhara mara mbili ya umeme na mara mbili ya baridi. Akishindwa kukwepa, wastani ni 33. Akifaulu, bado anakula 16, sawa na anachokula leo adui mkavu aliyeshindwa. Yaani adui mwenye bahati aliyelowa ni sawa na adui mwenye mkosi aliye mkavu. Hakuna kifaa wala kipaji utakachokipata leveli 6 kinachokukaribishia faida hiyo.

Maji unayapata wapi? Unaye Shadowheart. Makuhani wana uchawi wa leveli 1 uitwao Create or Destroy Water. Ukiubonyeza unafunguka pande mbili, chagua kumwaga. Mvua inashuka kwenye duara, kila aliyemo analowa, na ardhini linabaki dimbwi. Mambo matatu yanaufanya uwe wa thamani kuliko leveli yake inavyoonyesha. Hauna dadu ya kujinusuru, kwa hiyo haukwepeki. Hauhitaji umakini, yaani kuushikilia akilini ili usizimike, kwa hiyo Shadowheart anaweza kuwa anashikilia Bless, uchawi wa kuwaongezea wenzake dadu, na bado akamwaga maji. Na unakula nafasi ya leveli 1, ambazo anazo nne. Ukiutumia kwa nafasi kubwa zaidi, duara linapanuka, jambo linalosaidia kwenye kumbi pana.

Druidi wako mwenyewe pia anaweza kuuandaa, na si vibaya awe nao kwa akiba, lakini usiufanye kuwa kazi yake. Zamu anayomwaga maji ni zamu ambayo hajapiga radi. Mwingine alowanishe, yeye apige. Chupa za maji unazookota njiani nazo usiziuze: Lae'zel akirusha moja, analowanisha adui kwenye duara dogo, na Shadowheart anabaki huru kuponya. Mkipigana kando ya mto au kwenye bwawa, maji yapo tayari. Adui anayesimama ndani yake amelowa bila ninyi kufanya chochote.

Watu wa kandoni mwa ziwa mnajua tofauti ya vitu vitatu ambavyo wachezaji wengi huvichanganya. Usiku ukiwa unatazama upande wa Ukerewe, mwanga wa umeme unauona kwanza, ngurumo inakufikia baadaye, na radi ni ile inayoshuka na kupiga. Mchezo nao unatenganisha. Call Lightning na Lightning Bolt ni madhara ya umeme, na maji yanayaongeza. Thunderwave, ambayo druidi wako anaijua tangu leveli 1, ni madhara ya ngurumo. Maji hayaigusi hata kidogo. Mchezaji anamlowanisha adui, anapiga Thunderwave, anaona madhara hayajaongezeka, anahitimisha kwamba kulowa hakufanyi kazi. Zaidi ya hapo Thunderwave inawasukuma maadui nje ya dimbwi lako na kuwatawanya, wakati radi inawataka wawe pamoja. Iache kwa ajili ya kumwangusha mtu kwenye korongo.

Mpangilio wa zamu

Dadu ya kuanza vita kwenye mchezo huu ina pande 4 tu, kisha kinaongezwa kiongezo cha Dexterity. Maana yake Dexterity inaamua nani anatangulia kwa uzito kuliko bahati. Wewe unamtaka anayemwaga maji atangulie, au wawe wamefuatana na druidi. Wenzako wakifuatana kwenye mstari wa picha juu ya skrini bila adui katikati, mchezo unakuruhusu kuwabadilisha upendavyo: unahamia kwa Shadowheart, anamwaga, unarudi kwa druidi, anapiga. Kabla hujafanya lolote kwenye zamu ya kwanza, angalia mstari huo.

Na kama druidi ametangulia na Shadowheart yuko nyuma ya maadui wawili? Mchezo hauna namna ya kusubiri. Hapo ita radi tu juu ya kundi kavu. Utapata madhara ya kawaida, wingu litakuwa limeshafunguka, Shadowheart atamwaga maji zamu yake ikifika, na radi ya pili itashuka kwenye maji. Wasiotoka kwenye dimbwi watabaki wamelowa. Alama ya kulowa inadumu zamu chache kwa anayetoka, kwa hiyo weka kishale juu ya adui usome zamu zilizobaki kabla hujachagua wa kumpiga.

Kuna wanaofungua wingu kabla ya vita kwa kupiga ardhi tupu nyuma ya jiwe, kisha wanaingia nalo. Sioni faida yake. Pigo la kwanza na la kurudia lina nguvu ileile, kwa hiyo umetupa radi nzima chini na umekula zamu kati ya zile 10 ukitembea. Pigo la kwanza liwe la kwanza kweli, kwenye kundi ambalo bado limesimama pamoja likipiga soga.

Kukwepa kwao unaweza pia kukupunguza. Adui aliyenaswa kwenye utando wa Web wa Gale, au aliyeanguka chini, anarusha dadu mbili za Dexterity na kuchukua ndogo. Kwa hesabu yetu ileile, nafasi ya kushindwa inapanda kutoka asilimia 55 hadi karibu 80. Na adui wa jamii ya watu aliyegandishwa na Hold Person hakwepi kabisa, anashindwa moja kwa moja. Shadowheart akimgandisha kiongozi wa maadui na Lae'zel akamrushia chupa ya maji, radi yako ni 33 kwa wastani, zamu baada ya zamu, bila kamari. Ila Hold Person inakula umakini wa Shadowheart, kwa hiyo Bless itaondoka. Dhidi ya adui mmoja mkubwa napendekeza ubadilishane hivyo; dhidi ya kundi, hapana.

Kupanda juu ya mwamba kunakusaidia kwa jambo moja tu: kuwa mbali na panga. Bonasi ya 2 ya mahali pa juu ni ya wapiga mishale na wanaorusha dadu ya shambulio. Radi haina dadu ya shambulio, adui ndiye anayerusha, kwa hiyo haipati chochote hapo.

Umakini, ndiyo maana inazimika

Call Lightning inataka umakini, ile Concentration. Unazimika kwa njia mbili. Ya kwanza ni wewe mwenyewe kuita uchawi mwingine unaotaka umakini. Kwa druidi ni vingi mno: Moonbeam, Flaming Sphere, Spike Growth, Entangle, Faerie Fire, Barkskin, Heat Metal. Kitufe cha uchawi wa aina hiyo kinaonyesha neno Concentration kwenye maelezo yake. Ukiwa na wingu juu, usiguse hata kimoja. Ninashuku umekuwa ukijiwekea Barkskin baada ya kuita radi ili ujikinge, na hiyo inaifuta papo hapo.

Ya pili ni kupigwa. Kila unapopata madhara, druidi anarusha dadu ya Constitution, yaani uimara wa mwili, dhidi ya 10, au dhidi ya nusu ya madhara hayo kama nusu hiyo inazidi 10. Kwa Constitution 14 unaongeza 2, kwa hiyo unahitaji 8 au zaidi, nafasi ya asilimia 65. Inasikika nzuri mpaka ukumbuke kwamba kila pigo lina dadu yake. Goblini watatu wakikupata mara moja moja, nafasi ya wingu kubaki ni 0.65 mara tatu: asilimia 27 hivi. Hiyo ndiyo "kuzimika yenyewe" yako.

Dawa ya kudumu ni kipaji cha War Caster. Unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, nafasi kwa pigo moja inafika karibu 88, na kwa mapigo matatu karibu 68. Druidi hana ustadi wa kujinusuru kwa Constitution tangu kuzaliwa kwake, ana wa Intelligence na Wisdom, ndiyo maana pengo hili linamuuma kuliko wengine. Kipaji kingine ni Resilient upande wa Constitution, kinachokuongezea pointi 1 na ustadi huo. Kwa namba yako ya 14, kwa sasa kingekupa asilimia 80 kwa pigo. Kama ungekuwa na 15, kingekufikisha 16 na asilimia 85. Kwa druidi wa radi mwenye Constitution 14, nachagua War Caster bila kusita. Ulichukua kipaji gani leveli 4? Kama ulipandisha Wisdom hadi 16 kwa sababu ulianza na 14, mrudie Withers, yule mhusika anayekaa kambini. Kwa sarafu 100 za dhahabu anakuruhusu kumpanga upya: anza na Wisdom 16 au 17 pale pale kwenye kuumba mhusika, Constitution 14, Dexterity 14, kisha kipaji cha leveli 4 kiwe War Caster, na Wisdom uipandishe leveli 8 ya druidi.

Dawa ya kila vita ni mahali unaposimama. Radi inafika mita 18. Itumie yote. Maliza zamu yako nyuma ya nguzo au pembe ya ukuta: toka, piga, rudi. Mwache Lae'zel mlangoni. Wapiga mishale wa adui ndio wauaji wa umakini, kwa hiyo radi za kwanza ziwashukie wao kama wamekusanyika.

Sasa hatari ya maji yenyewe, na hapa wengi hujiumiza. Radi ikipiga dimbwi, dimbwi lote linashika umeme na kila anayekanyaga anaumia. Madhara yake ni kidogo, dadu moja ya pande 4, ila hayachagui. Lae'zel akisimama humo anaumia, na kwa kuwa amelowa anaumia mara mbili. Akisimama druidi humo, kila tone la madhara linamdai dadu ya umakini. Nimeona wachezaji wakilalamika kwamba wingu linakatika bila adui kuwagusa, kumbe miguu iko kwenye ukingo wa dimbwi lao wenyewe. Kabla ya Shadowheart kumwaga, sogeza kishale uone duara linaishia wapi, na lifanye liwe nyuma ya mstari wa mbele wa maadui, si juu yake. Radi yenyewe pia haimjui rafiki. Ikimshukia Lae'zel mkavu ni hasara, ikimshukia akiwa amelowa inaweza kumlaza.

Na Gale aache moto. Hili ni gumu kwa wanaompenda, lakini kulowa kunampa adui kinga ya nusu dhidi ya moto. Fireball kwenye maadui uliowalowanisha inapoteza nusu ya nguvu yake. Chagueni njia moja kwa kila vita: maji na umeme, au mafuta na moto. Kwenye vita vya maji, Gale ana Web ya kuwanasa, ana Ray of Frost ambayo baridi yake nayo inaongezeka mara mbili, na kuanzia leveli 5 anaweza kuwa na Lightning Bolt. Jihadhari tu kwamba baridi hugandisha dimbwi kuwa barafu, na kwenye barafu watateleza wote, wako na wao.

Lightning Bolt yako mwenyewe

Umesema ni Circle of the Land. Leveli 5 mchezo ulikuuliza uchague aina ya nchi. Ukichagua Mountain unapewa Lightning Bolt, ambayo druidi wa kawaida hana. Ni dadu 8 za pande 6, wastani 28, inapita kwa mstari ulionyooka na kumchoma kila aliye juu ya mstari huo. Haitaki umakini. Kwa hiyo inaishi vizuri pamoja na wingu, ingawa zamu moja haikutoshi kupiga zote mbili.

Lini uchague ipi? Radi mbili za Call Lightning ni wastani wa 33, zinashinda 28. Ukiona vita vitapita mizunguko miwili, fungua wingu. Ukiona maadui wamejipanga kwenye ngazi au ujia mwembamba, na pigo moja litawamaliza, piga Lightning Bolt. Ukiwa umezingirwa na huamini umakini wako utadumu, piga Lightning Bolt. Kwa waliolowa wastani wake ni 56, na kundi la kawaida la leveli 6 halinyanyuki hapo. Kama hukuchagua Mountain, huyo Withers wa sarafu 100 anakurekebishia na hili kwa safari moja.

Kutoka leveli 7

Hapa kuna njia ninayoiamini kuliko zote kwa mtu anayetaka radi iwe kazi yake kuu. Druidi wako afike leveli 5, kisha achukue leveli 2 za kuhani wa Tempest Domain, tawi la dhoruba. Makuhani nao wanatumia Wisdom, kwa hiyo hupotezi kitu kwenye kiwango cha kukwepwa. Nafasi za uchawi zinahesabiwa kwa jumla ya leveli zote mbili, kwa hiyo ukiwa 5 na 2 una nafasi za mtu wa leveli 7, pamoja na ile moja ya leveli 4. Unaongezewa pia ruhusa ya kuvaa deraya nzito.

Unachokifuata ni Destructive Wrath. Unapopiga umeme au ngurumo, unatumia chaji moja ya Channel Divinity, nguvu maalumu ya makuhani, na dadu zote zinahesabiwa kana kwamba zimeangukia namba ya juu kabisa. Dadu 3 za pande 10 si 16 tena, ni 30. Kwa aliyelowa na kushindwa kukwepa, 60. Lightning Bolt ni 48, kwa aliyelowa 96. Chaji ni moja, inarudi kwa mapumziko mafupi, na mapumziko mafupi ni mawili kabla ya kulala. Mara tatu kwa siku, basi. Usiitumie kwa adui mkavu hata siku moja, na kwenye mpangilio wa matendo ya kuitikia weka mchezo ukuulize kila mara, isije ikatumika yenyewe kwa goblini aliyebakiza uhai 4.

Usianze kuhani leveli 6. Ukiwa 5 na 1 hujapata Destructive Wrath bado. Subiri 7 umpange upya, au vumilia leveli moja. Na kama umewasha ugumu wa Explorer, kuchanganya madaraja hakuruhusiwi. Pandisha ugumu kwanza. Ukifika 12 utakuwa 10 na 2. Unapoteza uchawi wa druidi wa leveli 6 na kipaji cha mwisho, lakini nafasi ya leveli 6 unabaki nayo, na Call Lightning ukiiita kwa nafasi hiyo inakuwa na dadu 6: juu kabisa 60, na 120 kwa aliyelowa. Mtu anayependa kuponya atasikitika kukosa Heal. Wa radi hatasikitika.

Wakati wa kuongeza nafasi, kumbuka kila leveli juu ya 3 inaongeza dadu moja ya pande 10, na ongezeko hilo linarudi kila unapopiga tena kutoka wingu lile. Nafasi ya leveli 4 kwenye vita vya mizunguko mitano inakuletea dadu tano za ziada. Kwenye vita vya mizunguko miwili, ni kupoteza.

Kabla ya vita vyovyote vikubwa, weka kishale juu ya adui ubonyeze T, usome kinga zake. Mwenye alama ya kupunguza umeme, maji yanamrudisha kwenye madhara ya kawaida tu. Asiyeumizwa na umeme kabisa haumizwi hata ukimzamisha. Huyo mwachie Gale na moto wake, na wewe ushike Moonbeam.

Kuhusu vifaa nitaje viwili. Fimbo ya Spellsparkler inatolewa na Florrick ukimwokoa kwenye moto wa Waukeen's Rest. Usilale kambini baada ya kuufikia moto huo, maana hautakusubiri. Fimbo inakupa chaji za umeme kila uchawi wako unapoumiza. Na kwenye mnara wa Ramazith, sehemu ya tatu ya mchezo, kuna fimbo ya Markoheshkir inayokuruhusu kuita uchawi mmoja bila kutumia nafasi kila baada ya kulala. Dawa ya Potion of Speed nayo ibebe: kuinywa ni tendo dogo, na kwa zamu 3 druidi anaweza kuchukua radi mbili kwa zamu. Baadaye anachoka na kupoteza zamu, kwa hiyo inywe vita vikiwa vimekaribia kuamuliwa.

Jambo moja la nje ya mchezo, kwa kuwa uko Kirumba. Bonyeza F5 kabla ya kila vita, umeme unaweza kukatika na betri ya laptop yenye gemu nzito haikupi muda. Na usiku ngurumo zikianza kusikika kutoka ziwani, chomoa chaja ukutani. Radi ya kweli ikipiga karibu inaweza kupita kwenye nyaya za nyumba.

Kwa leo usiku fanya hivi: andaa Call Lightning, Healing Word ya kuponya, Misty Step ya kuhama papo hapo kama nchi uliyochagua leveli 3 inakupa, na Create or Destroy Water kwa akiba. Moonbeam iondoe kwenye upau kwa muda, usije ukaibonyeza kwa mazoea. Shadowheart awe na Create or Destroy Water na Bless, Gale awe na Web, Lae'zel awe na chupa mbili za maji. Tafuta kundi la maadui wanne au zaidi, Shadowheart amwage, druidi apige kutoka mita 18 na kurudi nyuma ya ukuta. Zamu ya pili, kitufe kipya, si cha orodhani.